Rekodi ya Moser ilifutwa kwa sababu ya magurudumu. Na damu je?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili la Francesco Moser bila matusi. Jina lake likitajwa tu, jamvi linagawanyika: huku wanamwita gwiji, kule wanamwita tapeli.

Kwa asiyemfahamu, ni mwendesha baiskeli mstaafu, mzee wa Palù di Giovo, Trentino, kaskazini mwa Italia, aliyezaliwa 1951. Bingwa wa dunia 1977. Paris-Roubaix, mbio za mawe na vumbi zinazovunja watu mifupa, kazibeba mara tatu mfululizo: 1978, 1979, 1980. Ushindi wake akiwa mwendesha baiskeli wa kulipwa ni 273, na hakuna Mtaliano aliyefika hapo. Sehemu hii haina ubishi, tuipite.

Ubishi unaanza Januari 1984, Mexico City. Rekodi ya saa ni kitu chepesi kukieleza: mtu mmoja, uwanja wa kuzunguka, dakika 60, umekwenda kilomita ngapi. Mbelgiji Eddy Merckx aliweka kilomita 49.431 mwaka 1972 na kwa zaidi ya miaka 11 hakuna aliyeigusa. Moser, umri miaka 32, wengi wakidhani anaelekea kustaafu, akatua na baiskeli ya ajabu: magurudumu yamezibwa pande zote kama sahani, hayana spoku hata moja. Tarehe 19 akapiga 50.808. Tarehe 23 akarudi uwanjani akapiga 51.151.

Mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likaamua baiskeli za namna ile zilikuwa zinambeba mtu kupita kiasi. Rekodi zote za baada ya Merckx, ya Moser ikiwemo, zikaondolewa kwenye orodha kuu na kuwekwa kwenye orodha ya pembeni. Kipimo kikarudi kuwa 49.431 ya Merckx.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na UCI. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, 1999, Moser mwenyewe alishakiri kwamba katika kujiandaa kwa Mexico aliongezewa damu, chini ya daktari Francesco Conconi. Kwa wasiojua inavyofanyika: unatolewa damu yako mwenyewe wiki kadhaa kabla, inahifadhiwa kwenye baridi, mwili unajijazia pengo, halafu karibu na siku ya kazi unarudishiwa. Chembe nyekundu zinakuwa nyingi kuliko kawaida yako, oksijeni inayofika miguuni inaongezeka. Kwa mtu anayekanyaga saa nzima bila kupumzika, hiyo si nyongeza ndogo.

Kwa hiyo UCI walikuwa na vitu viwili mezani, magurudumu na damu. Wakahukumu magurudumu. Na mwaka 2014 wakageuka tena, wakaruhusu baiskeli za kisasa za uwanjani, zenye magurudumu ya sahani yale yale! Mjerumani Jens Voigt akaenda 51.110 na akatangazwa mshika rekodi. Hesabu mwenyewe: ni mita 41 pungufu ya alichofanya Moser miaka 30 nyuma.

Msimamo wangu: rekodi irudishwe kwenye orodha kuu, na mbele yake iandikwe waziwazi kwamba aliongezewa damu. Karibuni.

Mchangiaji

Mkuu, unajichanganya. 1984 kuongezewa damu hakukukatazwa. Marufuku ilikuja baada ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka huo huo, ilipofichuka kuwa waendesha baiskeli wa Marekani nao waliongezewa. Huwezi kumwandikia mtu doa kwa kosa ambalo halikuwepo kwenye kitabu.

Mleta mada

Ndiyo maana sijasema anyang'anywe. Ila nikuulize: kama jambo lilikuwa halali na halina aibu, kwa nini lisubiri miaka 15 kusemwa? Wakati ule tuliambiwa ni upepo, ni maumbo ya baiskeli, ni sayansi ya mazoezi. Magurudumu kila mtu aliyaona kwenye picha, mpinzani yeyote angeweza kwenda kuyanunua. Damu haikuonekana. Kwangu hapo ndipo tofauti ilipo, sheria au hakuna sheria.

Mchangiaji mwingine

Nyie mnahangaika na Mexico wakati wizi ulikuwa Giro, mbio za kuzunguka Italia, ya mwaka huo huo, aliyoshinda Moser! Muulizeni Mfaransa Laurent Fignon, mpinzani wake, Mungu amlaze. Kilele cha Stelvio, mlima mrefu wa Alps, kilifutwa kwenye njia eti theluji, wakati yeye alisisitiza njia ilipitika. Kisha siku ya mwisho, Soave hadi Verona, kila mtu peke yake dhidi ya saa, helikopta ya televisheni ikashuka chini na kumpulizia Fignon upepo. Alianza siku akiongoza kwa dakika 1 na sekunde 21, akamaliza yuko nyuma ya Moser kwa dakika 1 na sekunde 3.

Mleta mada

Tuyatenganishe haya mawili. Helikopta, sawa, inaudhi, na Fignon aliilalamikia maisha yake yote. Lakini dakika 2 na sekunde 24 ndani ya kilomita 42? Moser siku ile alikwenda karibu kilomita 51 kwa saa na magurudumu yake ya sahani, Fignon yuko kwenye baiskeli ya kawaida. Siamini kwamba upepo wa helikopta unaweza kuziba pengo la ukubwa huo.

Stelvio ni habari nyingine, na hapo nakuunga mkono. Moser hakuwa mtu wa milima. Ukimwondolea mlima ule unamwokolea dakika, na waandaaji walijua Italia inataka nani avae jezi ya waridi, ya kinara wa Giro, pale Verona. Ila usisahau pia Fignon aliishiwa nguvu mwenyewe kwenye mlima wa Blockhaus, wiki ya kwanza kabisa, ambako Stelvio wala helikopta havikuhusika.

Mchangiaji

Haya, Stelvio na helikopta tuwaachie Waitaliano na Wafaransa. Turudi kwenye uamuzi wa 2000. Wanasema walitaka kurudi kwenye usafi wa Merckx. Usafi upi? Merckx alitolewa Giro ya 1969 pale mji wa Savona baada ya kipimo cha dawa zilizokatazwa. Na Mexico City alikwenda kutafuta nini kama si hewa nyepesi ya zaidi ya mita 2,200? Baiskeli aliyotengenezewa na fundi Mtaliano Colnago ilikuwa chini ya kilo 6, hadi mnyororo ulitobolewa matundu kupunguza uzito!

Mleta mada

Savona Merckx ameikana siku zote, na wapo wengi wanaomwamini, kwa hiyo mimi siijengei hoja. Lakini ya mnyororo na hewa ya Mexico nayachukua yote mawili. Anayetetea uamuzi wa 2000 atueleze: mnyororo uliotobolewa ni halali, gurudumu lililozibwa si halali, mpaka ulichorwa na nani, na kwa kipimo gani?