Majaribio ya kivinjari yakifeli, tiketi ifunguliwe na ripota au na CI?

fundi_majaribio: Wakuu, habari za kazi. Tunatumia Playwright (zana ya kujaribu tovuti ndani ya kivinjari), tiketi za hitilafu ziko Jira. Nataka jaribio likifeli tiketi ijifungue yenyewe. Naona njia tatu: ripota yetu wenyewe ndani ya Playwright (kodi inayopokea matokeo ya kila jaribio), skripti inayosoma JUnit XML (faili la matokeo) mwishoni mwa CI, yaani mfumo unaoendesha majaribio kiotomatiki kodi inapobadilika, au JiraTestResultReporter, ile programu-jalizi ya Jenkins, ambayo ni mojawapo ya mifumo ya CI. Mngechagua ipi?

nasra_qa: Ripota, maana ushahidi wote unao hapo hapo: picha ya skrini na trace (rekodi ya hatua za jaribio) vimo kwenye `result.attachments`, na ujumbe wa kosa kwenye `result.errors`. Ila usifungulie tiketi ndani ya `onTestEnd`. Hiyo huitwa kila jaribio linapomalizika, hata kama litarudiwa. Ukiweka `retries: 2` (lirudiwe mara mbili likifeli) na jaribio likafeli mara zote, unapata tiketi tatu za jambo moja. Subiri `onEnd`, kisha angalia `test.outcome()`. Ikiwa `unexpected`, yaani limefeli hata baada ya kurudiwa, fungua. Ikiwa `flaky`, acha, hilo ni jaribio kigeugeu, lililofeli kisha likapita liliporudiwa, na linahitaji orodha yake.

mzee_wa_seva: Mimi nasimama na skripti ya CI. Timu nyingine ikija na zana nyingine za majaribio kama Selenium au Cypress, nazo zinaweza kutoa JUnit XML, hivyo skripti haiguswi sana. Tena mkigawa majaribio kwenye mashine kadhaa, ripota ya mashine moja haioni ya mwenzake. Kusanya matokeo kwanza. Ukurasa wa kuingia ukigoma, majaribio 40 yanaanguka pamoja, na hiyo ni tiketi moja.

fundi_majaribio: Mzee, skripti itajuaje kuwa yote 40 ni hitilafu ile ile?

mzee_wa_seva: Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Chukua ujumbe wa kosa pamoja na mstari wa kwanza wa stack (orodha ya mistari ya kodi iliyopitiwa hadi kosa) ulio kwenye kodi yenu. Futa vinavyobadilika: saa, milisekunde, namba za kumbukumbu. "Agizo 48213 halikupatikana" iwe "Agizo # halikupatikana". Tengeneza hashi (alama fupi inayotokana na maandishi hayo), ibandike kama lebo ya tiketi, kisha kabla ya kufungua tafuta Jira tiketi yenye lebo hiyo ambayo haijafungwa:

`labels = "auto-9f3c1a" AND statusCategory != Done`

Ikiwepo, ongeza maoni tu. Jina la jaribio liweke kwenye maelezo, usiliingize kwenye hashi, la sivyo yale 40 yanarudi kuwa tiketi 40.

kodi_safi: Programu-jalizi inafaa kama mko Jenkins tu na hamtaki kuandika kodi. Mkitaka hashi ya namna hiyo ya mzee, andikeni skripti yenu.

nasra_qa: Nakubaliana na mzee kuhusu mashine nyingi. Nyongeza: Jira hupokea viambatisho kwa ombi la pili, lenye kichwa `X-Atlassian-Token: no-check`; bila hicho linakataliwa. Na tafadhali kuweni waangalifu na trace. Hubeba vidakuzi na vichwa vya maombi, kwa hiyo tokeni ya akaunti ya majaribio inaweza kuwa humo. Kama tiketi zinasomwa na watu wa nje, wekeni kiungo cha CI badala ya faili.

fundi_majaribio: Nashukuru sana. Naanza na skripti, kwa tawi kuu la kodi peke yake. Matawi ya watu yaishie kwenye ripoti ya CI.