Malengo hajajaza yeye, divisheni ziro napewa mimi!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka, hata chai sijagusa. Yule jamaa wa mauzo, mnamjua, kila ofisi anaye, yule ambaye funguo za gari haziachi hata akienda msalani, leo kanidhalilisha mbele ya mkurugenzi.

Ripoti ilikuwa ya asilimia ya mauzo kwa malengo. Kazi yake moja tu: kujaza safu ya malengo. Kila nikimkumbusha, "nitajaza, dogo". Hakujaza! Matawi mapya ya Mtwara na Kigoma yakabaki meupe. Sasa Excel ukiiambia igawe kwa seli tupu, kwake umegawa kwa sifuri, inakutupia #DIV/0!. Na AVERAGE ya chini, ile ya wastani, ikisoma safu ya asilimia, nayo inaanguka hivyo hivyo. Projekta ikawashwa, ukutani alama za reli nyingi kuliko SGR nzima.

Jamaa akageuka taratibu, akaniangalia: "Aisee dogo, kumbe divisheni ziro yako ya kidato cha nne umekuja nayo mpaka kazini?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mkurugenzi kacheka mpaka kavua miwani. Mama wa chai, ambaye hata hajui ripoti inahusu nini, kaweka birika chini ili acheke vizuri.

Divisheni ziro! Mimi! Mwenye divisheni ya pili, pointi 19! Mpaka naandika hapa kuna mtu kapita mlangoni, "Ziro, mambo?"

Konda wa Mbagala: Pole mkuu, ila jamaa kakupiga bao. Nimecheka kwenye daladala, abiria wananishangaa.

Fundi Fomula: Siku nyingine funika mapema, B2 ikiwa mauzo na C2 lengo: =IFERROR(B2/C2,""). Ipo tangu Excel 2007. Sisi wazee tulikuwa tunahangaika na IF(ISERROR(...)), fomula moja unaiandika mara mbili.

Pilipili Kichaa: @Fundi acha kupotosha vijana. IFERROR inafunika kila uchafu. Ukikosea jina la fomula, kimya. Ukifuta safu ikaleta #REF!, kimya. Atagundua siku ya ukaguzi. Andika =IF(C2=0,"",B2/C2), inakamata sifuri na seli tupu, makosa mengine yanabaki yanaonekana.

Shemeji Lao: Mimi badala ya "" naweka 0 tu, maisha yanaendelea.

Pilipili Kichaa: Ndiyo maana ripoti zenu ni vichekesho. Hiyo 0 AVERAGE inaihesabu, tawi lisilo na lengo linashusha wastani wa kanda nzima. Ukiacha "" inaliruka.

Mleta uzi: Jamani sijaomba fomula! Nimesema DIVISHENI ZIRO, mbele ya MKURUGENZI! Na mama wa chai!

Konda wa Mbagala: Mkuu tupia cheti hapa tuhakiki hizo pointi 19. Uzi bila picha hatuuamini.

Bibi Risiti: Afadhali wewe una faili. Bosi wangu ananitumia PICHA ya Excel kwa WhatsApp, kapiga kioo kwa simu, kidole chake kimefunika jumla, halafu "nirekebishie hapo".

Shemeji Lao: Wa kwangu anaunganisha seli. Kila kichwa cha habari kaunganisha. Ukitaka kupanga majina kwa alfabeti, inagoma.

Mhazini wa Vikoba: Hamjapata shida nyie. Nimebandika namba za simu za wanachama, 0 ya mbele imeyeyuka kwa wote. Meseji za marejesho haziendi.

Fundi Fomula: Ungegeuza safu iwe Text kabla ya kubandika.

Mhazini wa Vikoba: Nimeshabandika, na faili la zamani nimefuta.

Fundi Fomula: Safu ya pembeni andika ="0"&A2, halafu bofya mara mbili kile kimraba cha kona, inashuka yenyewe.

Mhazini wa Vikoba: IMESHUKA! Ubarikiwe. Sasa mbona mwenyekiti naye kaingia kwenye wadaiwa?

Bibi Risiti: Hiyo siyo Excel, mama. Hiyo ni kweli.