Tungule zina dawa nyeupe juu, naziosha vipi mpaka itoke?

MamaWawili_Malindi
Asalaam aleikum wenzangu. Jana nimenunua tungule (nyanya) kilo mbili hapa soko la Malindi, nyekundu nzuri hazina hata kidonda, lakini nilipozitoa kwa mfuko nikaona zote zina mabaka meupe kama chokaa, hasa pale kwenye kikonyo, na ukinusa wasikia kabisa ile harufu ya dawa ya shamba. Nimezipitisha kwa maji ya mfereji mara moja, bado yapo. Mwanangu mdogo ana mwaka na nusu na tungule huzila mbichi kama tunda, nikianza tu kukata kachumbari yeye mkono ushafika, sasa nimeingia hofu nimeziweka kando hata sijapika. Mama mkwe aniambia nitie chumvi, jirani asema sabuni ya unga, mwengine asema siki. Na mtoto sitaki kubahatisha. Mwenye kujua kwa hakika anisaidie.

Mwamu_wa_Mkomani
Waleikum salaam dadangu. Sisi huku Amu (Lamu) hutia sabuni ya vyombo matone mawili kwa beseni, twasuuza, basi. Shida yetu kubwa ni maji, huwezi kuacha mfereji ukimwagika eti waosha tungule.

Bi_Lishe
Waleikum salaam. Kakangu wa Amu uniwie radhi, lakini sabuni acheni jamani, ya vyombo na ya unga. Ganda la tunda lina vitundu vidogo, sabuni yaingia na kusuuza hakuitoi yote, mtoto ataila. Jiki pia usithubutu.

MamaWawili, anza na kitu rahisi, maji na mkono. Sio kuzitumbukiza na kuzitoa, ni kuzisugua moja moja kwa vidole chini ya maji yanayokwenda, nusu dakika hivi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut kule Marekani mwaka 2000 walipima dawa 12 kwenye matunda na mboga, na kuosha hivyo kwa maji matupu kulipunguza 9 kati ya hizo. Kinachoitoa zaidi ni ule msuguano. Ukitaka kuzidisha, chukua soda ya kuokea (bekingi soda), vijiko viwili vidogo vya chai kwa lita moja ya maji, ziloweke robo saa, halafu sugua na usuuze. Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu hivyo kwenye matofaa mwaka 2017, na soda ilishinda maji matupu na maji ya klorini, dawa mbili walizopima zilitoka juu ya ganda kwa dakika 12 hadi 15. Lakini, na hapa ndipo wengi hawafiki, dawa moja kati ya hizo mbili asilimia 20 yake ilikuwa ishaingia ndani ya tunda baada ya siku moja tu. Ile haitolewi na soda wala siki wala chumvi. Kwa huyo wa mwaka na nusu mimi ningemenya ganda kabisa, manake mwili wake ni mdogo na kiasi kilekile kwake ni kingi kuliko kwako. Na uoshe KABLA ya kumenya, la sivyo kisu kitaivuta dawa kutoka juu kiitie ndani, hata kwa maembe na machungwa ni vivyo hivyo.

MkulimaSabaki
Mimi nalima tungule na pilipili mboga karibu na mto Sabaki, wacha niseme ya shambani. Hayo mabaka meupe mara nyingi ni mankozebu au nduguye, dawa ya ukungu, hiyo hukaa juu ya ganda kwa hivyo dada ukisugua vizuri itatoka. Usiikimbilie sufuria ukidhani moto utaimaliza, mankozebu ikipikwa yageuka kitu kingine chaitwa ETU ambacho kwa wanyama wa majaribio kimedhuru tezi ya shingo, kwa hivyo osha kwanza ndio upike.

Zinazonitia wasiwasi mimi ni zile zisizoonekana. Tangu yule kiwavi atoboaye tungule, aitwaye Tuta absoluta, aingie Kenya 2014 watu wanapuliza na kupuliza, na kuna dawa za wadudu ambazo mmea wazinywa zikapita mpaka kwenye tunda. Kila chupa ina kibandiko chenye siku za kungoja baada ya kupuliza kabla ya kuvuna, nyengine siku 3, nyengine wiki au zaidi, na siku hizo ndizo dawa inavunjika. Sasa dalali akija na gari na bei iko juu, mtu amepuliza Alhamisi avuna Jumamosi. Mimi mwenyewe msimu wangu wa kwanza nilifanya hivyo, sikusoma kibandiko, na tungule zile zililiwa na watu na mpaka leo yaniuma. Siku hizi naandika kwa daftari tarehe ya bomba la mwisho, yaani siku niliyopuliza mara ya mwisho. Dada, tafuta muuzaji anayejua shamba zilikotoka umuulize zilipulizwa lini. Akichekacheka nenda kwa mwengine.

Mwamu_wa_Mkomani
Bi Lishe nashukuru, sabuni tumeacha leo leo. Mchicha je? Na kebeji?

Bi_Lishe
Kebeji toa majani mawili matatu ya nje utupe. Mchicha tenganisha jani jani, usioshe fungu likiwa limefungwa, beseni tatu za maji tofauti na kila mara usugue. Kwa uhaba wa maji wenu loweka kwanza beseni moja, halafu mfereji uufungue kwa kusuuza tu mwisho.

MamaWawili_Malindi
Allah awalipe nyote. Nimezisugua na soda robo saa, meupe yote yametoka na harufu haipo, na ya mtoto nimeitia maji moto kidogo ganda likavuka lenyewe. Mkulima, wavuna siku gani, nikufuate huko huko Sabaki? Na lile maji ya soda naweza kunywesha mchicha wangu wa kwenye ndoo?

MkulimaSabaki
Karibu, naanza kuvuna Jumanne, bomba la mwisho lilikuwa siku kumi nyuma, daftari utaliona. Hayo maji yamwage chooni, yana dawa na ile soda ni chumvi, mchicha utaungua.