Meya akijiuzulu, deni la mji huondoka naye?

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu ameshikilia kwamba kashfa ya kiongozi haiwasahaulishi watu shida za mji wao, kwani penye mkono unaoiba hakuna bomba litakalotengenezwa, na kwa hiyo tumshughulikie mwizi kwanza, maji na taka baadaye. Hoja hiyo ina uzito, na naamini ingeungwa mkono barazani Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe wa Unguja, kabla kahawa haijapoa. Mimi nasimama upande wa pili, na mfano wangu nautoa Detroit, Marekani, kwa sababu mambo ya huko yameshaamuliwa na mahakama na hatutamsingizia mtu.

Januari 2008 gazeti moja la mji huo lilichapisha ujumbe wa simu ambao Meya Kwame Kilpatrick aliandikiana na mkuu wa watumishi wake, ukadhihirisha kwamba wawili hao walikuwa wapenzi ilhali walilikana hilo mahakamani chini ya kiapo. Ikajulikana pia kwamba mji ulikubali kulipa dola milioni 8.4 kumaliza kesi za maofisa wa polisi waliodai kuonewa kwa sababu ya uchunguzi uliomgusa meya. Tangu hapo hadi alipojiuzulu mwezi wa Septemba, mapenzi na uongo wake ndivyo vilivyotawala ndimi za watu.

Lakini mwaka 2005, chini ya meya huyo huyo na kwa idhini ya baraza la mji, Detroit ilikopa takriban dola bilioni 1.4 kuziba pengo la mifuko ya pensheni, na mkopo huo ukafungamanishwa na mikataba iliyoulazimisha mji kulipa riba isiyoshuka, hata pale riba za soko zilipoporomoka baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Jambo hilo halikufanywa gizani. Mwaka huo huo wa 2005 meya alichaguliwa tena. Milioni 8.4 zilisaidia kumng'oa; bilioni 1.4 hazikumnyima kura.

Julai 2013, karibu miaka mitano baada ya yeye kuondoka, Detroit iliomba kinga ya kisheria ya mfilisika, deni lake likikadiriwa kufikia dola bilioni 18 na kiasi cha asilimia 40 ya taa za barabarani zikiwa haziwaki. Mji uliokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950 ulibaki na wapatao 700,000, na hapana meya mmoja anayeweza kubebeshwa hesabu ya miaka 60.

Najua nitajibiwa kwamba mwaka huo huo wa 2013 Kilpatrick alitiwa hatiani kwa ufisadi na kuhukumiwa kifungo cha miaka 28 (ambacho Rais Donald Trump alikikatisha Januari 2021), na kwamba sehemu kubwa ya ufisadi huo ilihusu zabuni za idara ya maji. Nalikubali hilo, na ndilo linalonipa nguvu: wizi uliomgusa mwananchi ulikuwa ndani ya zabuni, si katika ule ujumbe wa mapenzi uliosomwa kwa hamu.

Kwetu Unguja hesabu ya watu inakwenda kinyume na ya Detroit. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012 na 893,169 katika ile ya 2022. Hao wapatao laki tatu walioongezeka wanahitaji maji, mitaro, jaa na skuli, awepo kiongozi mwenye kashfa au asiwepo. Tuitazame Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, kisha tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, upande wa mbele ukaanguka na kuua watu wawili. Kuuliza nani alaumiwe ni haki, lakini swali zito zaidi ni la ile miaka minane ya katikati: nani alilikagua jengo, kwa fungu gani, na taarifa yake ilisomwa na nani?

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufika Baraza la Wawakilishi, na kwa ninavyoona, ukurasa wenye jina la mtu ndio unaosambazwa, wenye jadweli ukaachwa. Basi anayeshikilia kwamba kashfa ndiyo mlango wa kuingilia katika shida za mji na atutajie mji mmoja ambao maji yalirudi bombani kwa sababu meya alijiuzulu, nami nitamsikiliza.