Wauza mashine Mombasa, mguu wa inchi 15 munatuuzia twende nao wapi?

Assalaam aleikum, wana bahari. Nina hasira na sitaificha. Juma lililopita nusura nirudi nyumbani bila mpwa wangu, na sababu ni mashine mpya ya boti, ya miezi minne, tuliyoinunua kwa pesa ya nyavu ya misimu miwili.

Boti yetu ni ya faiba, futi 21, tunatokea Likoni. Tunavua mshipi na jarife nje ya mwamba. Haya yote nilimweleza muuzaji kabla sijatoa hata shilingi. Nikamwambia tezi ya boti, huko nyuma inakofungwa mashine, ina kimo cha inchi 20, nimepima mwenyewe kutoka juu ya ubao mpaka chini ya boti. Alichokuwa nacho dukani ni mashine ya nguvu za farasi 15 yenye mguu mfupi, wa inchi 15; mguu ni ile sehemu inayoshuka majini na propela. Badala ya kusema "sina, subiri", akaniambia, "Mzee wangu, hilo dogo, fundi wetu atakata ubao." Na kweli fundi akaja, akakata inchi tatu kwenye ubao wa tezi, akafunga mashine, akachukua chake akaenda.

Kwa yeyote anayejiandaa kununua, naomba asome hapa polepole. Ile bapa iliyo juu ya propela yatakiwa ilingane na chini ya boti, au ishuke kidogo tu. Yangu ilibaki juu kwa inchi mbili. Kwenye maji shwari ya mlango wa Kilindini huoni tatizo, boti inakata maji vizuri, unashukuru. Toka nje sasa na kusi imeshika. Tezi ikiinuliwa na wimbi, propela inakamata hewa, mashine inapiga ukelele na boti imesimama pale pale. Tundu la kufyonzea maji ya kupoza nalo liko huko huko kwenye mguu, kwa hiyo pampu pia inameza hewa. Mashine ikiacha kukojoa, yaani kutoa yale maji ya kupoza, inachemka, na ikichemka pistoni inashika. Halafu ule ubao waliokata ndio uliokuwa unazuia wimbi la nyuma. Tezi ikishuka, maji yanaingia ndani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ikashika, tukiwa watatu, mpwa wangu akiteka maji kwa galoni lililokatwa na sisi wawili kwenye makasia. Upepo wa kusi na mkondo wake vyote vinasukuma kaskazini, na kaskazini yetu ni mwamba wa Nyali, tunauona unavyopasua mawimbi meupe. Nanga iliburura muda mrefu kabla ya kushika. Waliotuokoa ni wazee wawili kwenye dau la mbao lenye mashine ya Yamaha Enduro ya zamani ambayo rangi yake imeisha yote. Nilimuona yule mzee akivuta kamba mara mbili tu, mashine ikaitika. Wakatukokota mpaka Bandari ya Kale. Mola awalipe.

Niliporudi dukani na mashine, nikaoneshwa karatasi ya waranti. Kumbe ndani imeandikwa kwamba matumizi ya biashara hayamo, ni ya matembezi tu. Ndugu zangu, mimi niliingia pale dukani na kanzu inanuka samaki! Alijua anamuuzia mvuvi. Mbona hakusema siku ile ya kuhesabu pesa?

Si hilo tu. Fundi wangu wa mtaani aliifungua, akakuta mabawa ya impela, ile inayozunguka ndani ya pampu ya maji, yamekatika. Kipira kidogo kile, unakishika kwa vidole viwili. Tukazunguka mji mzima kukitafuta, aina ile haina spea Mombasa. Wanasema subiri iagizwe. Mvuvi anasubiri vipi na kusi ndio hii? Yule mzee wa Enduro aliniambia impela, plagi na pini anazibeba kwenye kopo ndani ya dau, na akikwama kila fundi wa pwani hii ameshaifungua mashine kama yake. Mimi niliangalia bei na ung'avu wa rangi. Spea sikuulizia, na hapo ndipo waliponikamata.

Na oili pia. Mashine ni ya tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, wakanipa katoni ya oili ya pikipiki, wakasema ni ile ile. Si ile ile. Ya pikipiki ni ya injini inayopozwa na upepo, ya boti inayopozwa na maji yataka oili yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa. Lita 20 za petroli, mililita 400 za oili, hiyo ndiyo 50 kwa 1 ya kawaida. Katika saa za mwanzo, mashine ikiwa bado mpya, inaongezwa mara mbili, mililita 800. Soma kitabu chake. Hakuna aliyenieleza, na kitabu nilikipata siku nilipokwenda kulalamika.

Wapo watakaoniambia ningenunua fostroki. Najua inakula petroli kidogo na haina habari ya kuchanganya oili. Lakini ni nzito zaidi, sisi mashine tunaibeba begani kuitoa ufuoni kila siku, na mafundi wa kuitengeneza vizuri ni wachache. Tena mguu mfupi ni mguu mfupi, hata iwe ya aina gani.

Munaouza, mukiulizwa mguu mrefu na hamuna, semeni hamuna. Jumatatu nakwenda dukani na wenzangu wa BMU, kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo. Nataka mashine ya mguu wa inchi 20 au pesa yangu, na ubao wangu wa tezi uzibwe kwa gharama yao. Waliokatiwa ubao kama mimi, andikeni hapa munatokea diko gani na mulikatiwa inchi ngapi. Na kama wewe ni mmoja wao, usitoke nje ya mwamba mpaka uchukue futi ukapime.