Waliofika vijiji vya Poland vilivyopitiwa na vita, tupeane uzoefu

Mleta uzi: Wadau, niko Kraków kimasomo. Jana nimesoma habari za familia ya Ulma wa kijiji cha Markowa, usingizi umepaa. Aliyefika huko atueleze.

Binti Meru: Nimefika. Józef Ulma alikuwa mkulima wa matunda na mpiga picha. Yeye na mkewe Wiktoria waliwaficha Wayahudi wanane darini. Alfajiri ya 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani wakavamia. Wakaanza na Wayahudi, wakamtoa Józef na Wiktoria, mimba yake pevu, wakawapiga risasi mbele ya watoto wao. Watoto wakapiga mayowe. Wakauawa wote sita, mkubwa ana miaka saba. Kwenye makumbusho yao kuna picha ya wanawake wa Kiyahudi iliyosalia, ina matone ya damu. Mimi niliishia hapo, nikatoka nje kulia.

Kaka Mkubwa: Pole dada. Hata mimi.

Mtu wa Pwani: Semeni yote basi. Anayeaminika kuwachongea ni polisi wa kikosi cha Kipoland kilichokuwa chini ya Wajerumani.

Binti Meru: Na hapohapo Markowa Wayahudi wapatao 20 walifichwa na majirani wengine, hata baada ya mauaji yale, wakanusurika! Hilo mbona hulisemi?

Mtu wa Pwani: Sijalikataa. Nasema msaliti naye alikuwa mwenyeji.

Zungu la Nne: Mkimaliza kugombana nendeni kijiji cha Michniów. 12 Julai 1943 Wajerumani waliwafungia wanaume kwenye maghala wakawachoma moto, kisa kijiji kiliwasaidia wapiganaji wa msituni. Kesho yake wakarudi kumalizia wanawake na watoto. Watu 204. Usiende peke yako.

Kaka Mkubwa: Nenda peke yako, maneno ya watu yanakera pale.

Mjukuu wa Tengeru: Bibi yangu aliwauzia ndizi Wapoland wa kambi ya wakimbizi ya Tengeru, Arusha. Wapoland hao waling'olewa na Wasovieti vijijini mwao mashariki mwa Poland mwaka 1940, wakapelekwa Siberia. Wakapitia Iran mpaka kwetu, wengi kina mama na watoto. Bibi alisema walikuwa wanapanda maua kila nyumba. Makaburi yao yapo hadi leo.

Mleta uzi: Kumbe! Markowa naendaje?

Binti Meru: Treni ya Przemyśl, shuka Łańcut, uliza basi. Vaa koti zito.

Mtu wa Pwani: Na ule kwanza. Ukitoka hutatamani chakula.