Treni ya juu Bangkok: acheni kuwadanganya wanaofuata mzigo Pratunam

Wakuu, nimechoka. Kila mtu akiuliza humu namna ya kwenda Bangkok kufuata nguo, wanajazana walewale: "Shuka uwanjani, panda treni ya juu, mji wote unao." Mji gani? Pratunam, kwenye soko la nguo tunakokwenda wengi wetu, hiyo treni ya juu, BTS, haina kituo. Utashuka Chit Lom au Ratchathewi, halafu ukanyage lami kwenye jua lile na shangazi kaja begani. Reli iliyo jirani zaidi ni ya uwanja wa ndege, kituo cha Ratchaprarop, na hiyo ina tiketi zake peke yake.

Hapo ndipo panaponiuma. BTS ilianza Desemba 1999, MRT, ile ya chini ya ardhi, ikaja 2004, ya uwanja wa ndege 2010, na mpaka leo wanaishi kama wake wenza wasiosalimiana. Umetoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, unakwenda kituo cha Nana. Ukifika Phaya Thai unatumbukiza kile kisahani cha plastiki cha tiketi getini, unatoka, unapanga foleni nyingine, unalipa nauli nyingine, ndipo uingie BTS. Ukitaka MRT pale Asok ni hivyohivyo, tena kituo cha chini kinaitwa Sukhumvit, mgeni atajuaje kwamba amefika? Juu Sala Daeng, chini Si Lom. Juu Mo Chit, chini Chatuchak Park. Na ile kadi ya kulipia BTS, Rabbit, ambayo mgeni anaombwa pasipoti ndipo auziwe, kwenye geti la MRT huko chini ya ardhi ni plastiki tu.

Sikatai, ukishakaa ndani mambo ni safi. Baridi mpaka unatafuta koti, na pale kituo cha Siam kubadilisha treni mara nyingi ni kuvuka jukwaa tu. Lakini kukaa ndani ndiyo sehemu rahisi. Ngazi je? Vituo vya mwanzo vya BTS vilikuwa 23, vyenye lifti 5 tu! Watu wenye ulemavu wakashtaki, na Januari 2015 Mahakama ya Juu ya Utawala ikauamuru utawala wa jiji uweke lifti vituo vyote 23 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukakatika, kazi haijaisha. Siku hizi lifti zimeongezeka, ila unaweza kukuta iko ng'ambo ya barabara, na barabara yenyewe ni Sukhumvit, siyo ya kukatiza na mabegi. Ngazi za umeme nazo sehemu nyingi zinapandisha tu. Kushuka ni magoti yako na kilo 30 mgongoni.

Kinachonishangaza zaidi, hakuna anayetaja boti za mfereji wa Saen Saep, ambazo zina gati palepale Pratunam na nauli yake ni ya kawaida kabisa. Zinafunga mapema jioni, na kwa mzigo mkubwa hazifai, kurukia boti siyo mchezo. Ila kwa mtu anayekwenda kukagua bei mikono mitupu, hiyo ndiyo njia.

Na nyie mtakaokuja na "si upande teksi tu mkuu", foleni ya Pratunam saa kumi na moja jioni mmeshawahi kukaa, au mnaiona kwenye picha?